Mzungumzaji Aliyetangulia

Verna Pacheco hakuwa mtu mbaya, na anayesema alikuwa mbaya hajawahi kula supu yake. Lakini gere alikuwa nayo. Alikuwa nayo kama wengine wanavyokuwa na kisukari: ya kurithi, ya kila siku, anaamka nayo na kulala nayo bila mtu kujua, mpaka siku inapopanda na kumwangusha hadharani. Siku yake ilianza asubuhi moja alipofungua pazia la jikoni akaziona nguzo.

Pale San Tadeo, pwani ya California, mtu hajengi tu kwa kuwa ana kiwanja. Kwanza husimamisha nguzo za mbao, ndefu sawasawa na nyumba itakavyokuwa, akazifunga kamba zenye vibendera vya rangi ya chungwa, ili majirani waone na ugomvi uanze mapema. Nguzo hizi zilikuwa zimesimama chini ya kilima, kwenye kiwanja cha Odette, mdogo wake Verna. Zilikuwa zimepanda, zimepanda, mpaka zikalingana na dirisha la jikoni la Verna. Kibendera kimoja kilikuwa kinampungia pale pale alipozoea kuiona bahari.

"Hata huku juu anataka kunifikia," Verna akaiambia birika.

Ili uelewe uchungu wake, ni lazima umjue baba yao. Mzee Manuel Silveira alitoka visiwa vya Azori akiwa kijana, akaotesha maua ya kukata ndani ya mabanda ya vioo, na alipokuwa kwenye kitanda chake cha mwisho aliwaita binti zake wawili akawaambia, "Mkubwa achague kwanza." Verna hakuhitaji kufikiri. Alichagua kilima: nyumba yenye veranda, bahari mbele, bwawa la kunyweshea nyuma. Odette akachukua kilichobaki, yaani mabanda, matope na mtaro. Haukupita muda maua ya bei rahisi yakaanza kuja kwa ndege kutoka Amerika ya Kusini, biashara ikafa, vioo vikaanza kudondoka kimoja kimoja. Odette hakuolewa. Akakaa kwenye kijumba cha mbao kando ya mabanda, akiuza miche ya mboga siku za Jumamosi.

Na kwa miaka yote hiyo Verna alimpenda mdogo wake. Nasema kweli, sifanyi mzaha. Kumpenda aliye chini yako hakuna taabu. Kila Ijumaa alishuka kilima na sufuria ya kijani imejaa supu ya sukuma wiki na soseji, juu yake akaweka koti ambalo yeye hakulitaka tena. Odette alifungua mlango akasema, "Mana, umejisumbua." Mana ni dada, kwa Kireno cha kisiwani kwao. "Mana, Mungu akulipe." Verna alilipenda neno hilo kuliko alivyopenda kuona sufuria ikirudi imerambwa.

Sebuleni kwake kulikuwa na picha ya siku aliyokuwa malkia wa Sikukuu ya Roho Mtakatifu, akiwa msichana. Joho la mahameli, taji, mkia wa joho mrefu kama barabara. Odette ndiye aliyeubeba mkia ule kutoka kanisani hadi ukumbini. Uso wake pichani hauonekani, umefunikwa na joho. Watu waliotazama picha ile walisema tu, "Verna, ulikuwa mzuri!" Naye hakuwahi kuona kuwa picha ina kasoro.

Basi, kabla nguzo hazijasimama, serikali ya jimbo ikauambia kila mji: tuonyesheni watu wenu watakaa wapi. Leteni mpango wa nyumba, tutausoma. Ukifaa tutaupitisha, usipofaa utarudi. San Tadeo ikapeleka mpango unaosema nyumba zitajengwa kwenye maegesho ya kanisa na nyuma ya kituo cha zimamoto. Jimbo likaurudisha, kwa adabu. Wakapeleka mwingine, safari hii wameweka uwanja wa gofu, ambao kila mtoto wa mji anajua hautauzwa hata bahari ikauke. Ukarudi, na adabu imepungua. Ndipo afisa mmoja wa mipango akaweka kidole kwenye ramani, juu ya mabanda ya vioo. Kiwanja kikubwa, tambarare, karibu na kituo cha basi. Wakamwendea Odette, wakijiandaa kubembeleza.

"Mimi niko tayari," Odette akasema, kabla hawajakaa.

Neno hilo lilikuwa halijasikika San Tadeo tangu mpango uanze. Kuanzia hapo Odette akawa mtu. Waliokuwa wakipita kwenye miche yake bila salamu wakaanza kumuuliza habari za mgongo wake. Sikukuu ilipofika, ukumbini, watu wamekaa kwenye meza ndefu wakila nyama ya kuchemsha na mkate uliolowa mchuzi, meya mwenyewe alitoka jikoni amebeba sahani ya Odette.

"Bi Odette, nimekuwekea ya mfupa. Nimeambiwa ndiyo unayoipenda."

"Siku hizi meya amekuwa mpakuzi?" Verna akauliza, kwa sauti ya kusikika meza ya pili.

Odette akacheka. "Mana, usimwonee. Anaogopa nitabadili mawazo."

"Mimi nina kiwanja miaka yote na hakuna aliyeniletea hata kitunguu."

"Malkia wetu leo kanuna!" akapiga kelele Gilda, mkuu wa jikoni, mwanamke asiyejua kunong'ona. "Mpeni mkate mtamu, pengine atatabasamu!"

Meza nzima ikacheka, na Verna akacheka nao, kwa meno tu.

Hayo angeyameza. Lililomkaa kooni lilitoka kwa binti yake. Janine, mtoto wake wa pekee, alikuwa msaidizi katika kliniki ya meno pale pale mjini, lakini kodi za mji zilimshinda, akapanga Los Banos, ng'ambo ya milima. Aliamka kiza kikiwa bado kizito ili avuke milima na kuwahi kazini, na jioni akaivuka tena. Verna alikuwa amemwahidi kumjengea kijumba nyuma, kando ya bwawa. "Mwakani," alisema mwaka huu, na mwaka uliotangulia, na mwingine kabla yake. Fedha haikuwa sababu. Alipenda kuombwa, na aliogopa kwamba akishatoa hataombwa tena.

"Mama," Janine akasema siku ile ya sikukuu, akipangusa mchuzi kwa mkate, "mama mdogo anasema kwenye jengo lake kutakuwa na nyumba za bei nafuu kwa wanaofanya kazi hapa mjini. Nimejiandikisha."

"Umejiandikisha wapi?"

"Kwa mama mdogo. Kwenye jengo."

"Na kijumba chako?"

"Mama, kijumba kipi? Kile cha mwakani?"

Hapo ndipo kijiba cha roho kilipomkaba. Meya amchukue, Gilda amchukue, kanisa zima na limbebe Odette mabegani. Lakini Janine? Mtoto wake arudi San Tadeo, halafu arudi kwa Odette? Verna akaenda nyumbani bila kungoja kahawa, akakaa jikoni akivitazama vile vibendera, na akaamua kwamba nyumba zile hazitajengwa.

Njia ilikuwepo, na mji mzima unaijua. Kabla mpango haujapita, hufanywa tathmini ya mazingira: vivuli, magari, miti, maji, ndege. Mtu yeyote ana ruhusa ya kusimama kwenye kikao cha baraza la mji na kusema lake, na atakachokisema, hata kiwe upuuzi, sheria inataka kichunguzwe na kijibiwe kwa maandishi. Tena kuna mnyama mmoja ambaye akitajwa, matrekta huzimwa: chura mwenye miguu myekundu. Amelindwa na sheria kuliko mpangaji. Verna aliwajua vyura hao. Amekua nao.

Jioni ya kikao alivaa lulu zake za misibani. Pale kwenye maikrofoni kila mtu hupewa dakika mbili; taa ya kijani ikiwaka unasema, ya njano unafupisha, nyekundu unanyamaza.

"Waheshimiwa," Verna akaanza, "mimi nimezaliwa pale. Kila majira ya mvua vyura wenye miguu myekundu hulia kwenye yale mabanda mpaka mtu hawezi kulala. Marehemu baba yetu alitukataza kuwatupia mawe. Sasa leo tuwamwagie zege? Mtu anaweza kuuza kiwanja, waheshimiwa, lakini viumbe wa Mungu si vyake."

Nusu ya maneno ilikuwa kweli. Vyura walikuwepo, na baba alikataza mawe. Ila ilikuwa bwawani, juu kilimani. Chini kwenye mabanda hakujawahi kulia chura, na aliyelijua hilo zaidi ya Verna ni mtu mmoja tu, naye alikuwa ndiye anayefuata.

Odette alisimama na koti lake. Lilikuwa moja ya yale makoti. Hakugeuza shingo kumtazama mtu.

"Waheshimiwa, mzungumzaji aliyenitangulia amesema kwangu kuna vyura. Mimi nalala pale. Ninachokisikia ni vioo vikidondoka. Lakini mzungumzaji aliyenitangulia ana haki yake ya kusema. Waje wataalamu, watazame popote. Ahsanteni."

Akaketi, taa bado ya kijani.

Sasa, kwa desturi hakuna tusi hapo. Kwenye ile maikrofoni hatutajani majina; hata mume na mke wakipingana, mmoja humwita mwenzake mzungumzaji aliyetangulia. Lakini Verna lilimchoma. Kweli ametangulia: kuzaliwa ametangulia, kuchagua ametangulia, hata joho alitangulia yeye na mwenzake akafuata kwa nyuma. Ila waliotutangulia ni jina tunalowaita pia waliokwisha kuzikwa, na mdogo wake alilitamka kwa sauti ile ile ya makaburini.

Ijumaa alishuka na sufuria kama kawaida, akijifanya hakuna kilichotokea. Mlango ukafunguliwa nusu.

"Ahsante, Verna. Iweke hapo."

Verna. Si mana. Akaiweka kizingitini, akapanda kilima mikono mitupu, na tangu Ijumaa hiyo hakupika tena supu. Sufuria ilibaki huko.

Mvua zilipoanza akaja mtaalamu wa viumbe, dada mmoja mchangamfu aitwaye Tran, na mabuti yake ya mpira na tochi. Magharibi baada ya magharibi alizunguka mabanda, akainama mtaroni, akasikiliza. Kimya. Hatimaye akapanda kilimani kugonga kwa Verna.

"Bi Pacheco, samahani. Wewe ndiye uliyetoa taarifa. Hao vyura uliwasikia sehemu gani hasa?"

Mtu mwenye akili timamu angesema nimezeeka, masikio yanadanganya, karibu chai. Lakini mwenye gere hataki kushindwa hata na kimya. "Wanashuka kutoka kwangu," Verna akasema, akinyanyua koti. "Wako bwawani. Njoo usikie kwa masikio yako, usije ukasema mimi mwongo."

Akampeleka mwenyewe. Akamshikia hata tawi la mti apite. Bwawani wakasimama, giza likiingia, na chini ya majani ikaanza: mguno, mguno, kama mzee anayeota. Tran akawasha tochi, akaangaza, akaruka kwa furaha kama aliyeona ndugu uwanja wa ndege.

"Ndio wenyewe! Na wengi! Bi Pacheco, mayai haya hapa!"

"Si nilisema!"

"Ulisema kweli. Ila hawawezi kushuka kule. Katikati kuna barabara kuu na ukuta wa zege, chura hapiti. Hawa makao yao ni hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwako." Tran akampa mkono. "Hongera."

Majibu yalipotoka, kila mtu aliyesema kikaoni alijibiwa, na Verna alijibiwa kwa heshima kubwa kuliko wote. Maoni yake yamezingatiwa. Vyura wamethibitishwa, juu kilimani, nje ya kiwanja kinachokusudiwa. Mpango hauwadhuru. Inashauriwa bwawa lisiguswe, na pasijengwe chochote karibu nalo. Baraza likapiga kura. Jimbo likausoma mpango kwa mara ya tatu, na safari hii halikuurudisha. Likaupitisha, na Gilda akapika kahawa ya bure ukumbini.

Janine alipata habari za kijumba dirishani kwa karani wa ujenzi, alikokwenda kimya kimya kuulizia kibali, maana alikuwa amechoka kungoja mwakani. Pale kando ya bwawa haiwezekani. Na kwingine kote kwenye kile kiwanja ni mteremko ambao hata mbuzi angeshika ukuta. Akaja kwa mama yake na sare ya kliniki.

"Mama, wameniambia ni wewe uliyewaonyesha wale vyura. Umewapeleka kwa mkono wako."

Verna alikuwa anafuta meza iliyokwisha kufutwa. "Nilitaka wazuie kule chini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulitaka kwenda kwake!" Likamtoka kwa kelele. "Mtu nimemlisha mimi, nimemvisha mimi, leo anachukua mji, anachukua meya, anakuchukua na wewe! Nani alichagua kwanza? Mimi! Kilima ni changu!"

 Janine hakukasirika, na Verna angependa akasirike.

"Mama, mimi nilitaka kulala mpaka jua litoke. Basi. Iwe kwako, iwe kwake, iwe juu ya mti." Akachukua funguo za gari, maana milima ilikuwa inamngoja.

Mabanda yakavunjwa. Verna alisikia vioo vya baba yake vikimwagwa kwenye lori, akajifungia chumbani na redio. Nguzo zikaondolewa, jengo likainuka mahali pa nguzo, mpaka kibendera kilipokuwa kikipunga pakawa na dirisha la jikoni la mtu. Na dirisha likapata pazia la njano, na Verna akalijua pazia, kwa sababu alilishona mwenyewe akampa binti yake alipohamia Los Banos. Mlango uliofuata alikaa Odette, ambaye kwenye mkataba wa kuuza kiwanja hakutaka kitu cha ajabu, alitaka tu nyumba moja ghorofa ya juu. Amechoka kuangalia watu kutoka chini, alisema.

Basi ndivyo Verna akawa anakula chakula cha jioni. Yeye na sahani yake huku. Huko ng'ambo, taa imewaka, Janine kavua viatu kaweka miguu kwenye kiti, na Odette anaingia bila kubisha hodi na bakuli mkononi. Midomo inakwenda. Mara wanacheka. Wanacheka nini? Mvua zikinyesha, wapangaji hufungua madirisha wausikilize mguno wa bwawani, na watoto wao wamewapa jina: vyura wa Bi Verna. Anaambiwa ni sifa.

Ijumaa moja hodi ikapigwa. Janine, na sufuria ya kijani ameishika kwa vitambaa viwili.

"Mama mdogo amekurudishia sufuria."

"Mbona inatoa moshi?"

"Ina supu."

"Kapika nani?"

"Kapika yeye. Mama, inaniunguza, nipishe niiweke."

Verna akapisha. Akakitazama kifuniko. Hakukigusa. "Kakutuma useme nini?"

"Hakunituma. Ah, amesema mwambie mana chumvi aongeze mwenyewe, yeye daktari kamkataza."

"Rudia."

"Chumvi uongeze—"

"Siyo chumvi. Huko mwanzo."

Janine akamtazama mama yake, akaelewa, akarudia polepole. "Mwambie mana."

Verna akavuta kiti. Alikuwa amelingoja neno hilo tangu kizingiti kile, na sasa limekuja limepanda kilima juu ya sufuria yake mwenyewe, na ilimbidi afungue mlango, apishe, ashukuru. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Ijumaa zote zile, ndivyo ilivyokuwa upande wa pili wa mlango. Machozi yalimtoka, na hakujua kama ni ya haya, ya furaha, au ya ile ile gere ya kila siku.

Akapakua, akaonja. Sukuma wiki ilikatwa nyembamba kama alivyokuwa akikata mama yao, na yeye Verna siku zote alikuwa na haraka, alikata mapana. Ilikuwa tamu kuliko yake. Mkono ukakitafuta kikopo cha chumvi, ukakifikia, ukakiacha.

"Mwambie imefika," alisema.

"Tu?"

"Mwambie imefika, na sufuria nitaileta mwenyewe Ijumaa." Akaimimina supu iliyobaki kwenye bakuli. "Atafungua?"

"Sijui, mama. Gonga uone."

Janine alipoondoka, Verna aliosha sufuria, akaikausha, akasimama nayo dirishani. Ng'ambo taa ikawaka. Odette alikuwa tayari amekaa mezani kwa Janine, anangoja kuambiwa. Verna akavuta pazia nusu, aone asionekane. Kisha akakitafuta kile kisu kidogo cha mama yao, akakinoa, akachukua fungu la sukuma wiki akaanza kujifunza kukata nyembamba.